Kuzinduliwa Si Kufunguliwa

Jumanne, 4 Machi 2025

Mimi, Jeconia Kundu, mkazi wa kijiji cha Mukuyu-ini, upande wa chini wa wadi ya Theta, naanza leo kuandika mwenendo wa ardhilhali yangu katika Bunge la Kaunti, ili asiwepo mtu atakayesema baadaye kwamba mambo yalikuwa vingine. Ardhilhali ndilo neno lililo sahihi. Watu wa hapa husema "petisheni", nami siwagombezi.

Jambo lenyewe ni hili. Zahanati ya kijiji chetu ilijengwa, ikapakwa rangi, ikawekewa matangi mawili ya maji, na tangu mwaka juzi imefungwa kwa kufuli. Hakuna muuguzi, hakuna dawa. Mbuzi wa jirani yetu Njau hujikinga mvua barazani. Mke wangu Nekoye ana shinikizo la damu, ambalo yeye huliita presha, na kila wiki mbili hana budi kwenda hospitali ya Kalimoni kupimwa na kuchukua dawa. Masika yakianza, udongo wetu mweusi hushika mguu kama unaudai, na watu wa bodaboda hukataa kuteremka huku.

Nimekusanya sahihi mia tatu na kumi na mbili. Nimeiandika ardhilhali mwenyewe, mara saba. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Lakini miaka thelathini na mmoja niliyokuwa karani wa mizani katika shamba la kahawa pale Ruiru, kamusi ilikaa kando ya mizani, na kila asubuhi nilijifunza neno moja kabla ya debe la kwanza kuletwa.

Nilimsomea Nekoye aya ya mwisho: "Kwa hiyo waombaji wako wanaliomba Bunge hili tukufu liishauri Serikali ya Kaunti ili zahanati iliyotajwa izinduliwe bila kuchelewa."

"Izinduliwe ndio nini?" akauliza.

"Ianzishwe rasmi, Mama Byron. Ifunguliwe kwa heshima yake."

"Basi si uandike wafungue mlango."

Nikamweleza kwamba Bunge haliandikiwi kama mtu anayebisha dukani.

"Haya, Baba Byron. Wewe ndiye umesoma." Akaendelea kuchambua kunde.

Alhamisi, 6 Machi

Ardhilhali imesomwa. Alhamisi ni siku ya Kiswahili katika Bunge letu. Mjumbe akichanganya lugha, Spika humkatiza. Nilikaa kwenye viti vya wageni nikiwa na koti na tai. Mheshimiwa Kagwe, mwakilishi wa wadi yetu, ndiye aliyeisoma. Aliposhindwa na neno "ardhilhali" alirudi nyuma akaliruka, lakini aya ya mwisho aliitamka vizuri, nami nilisikia neno langu "izinduliwe" likipanda hadi darini.

Imepelekwa kwa Kamati ya Afya, yenye siku sitini za kutoa ripoti. Mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Wangeci, mwakilishi mteule, ambaye zamani alikuwa muuguzi. Muda wote wa kusomwa hakuinua macho. Aliandika tu. Sikupendezwa.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna habari. Jua kali.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Nekoye amepanda maharagwe.

Jumatano, 2 Aprili

Nilikwenda ofisi za Bunge kuulizia. Nikiwa kwenye ujia, Mheshimiwa Wangeci akapita na mafaili. Nikajitambulisha kwa jina na kwa kijiji.

"Aa, ni wewe," akasema. "Tunasoma, mzee. Tunasoma kila neno."

Akaenda zake. Nimeyapima maneno hayo njia nzima hadi nyumbani na nimeridhika kwamba yalikuwa dharau.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Leo ilikuwa zamu ya Nekoye kwenda Kalimoni. Hakwenda. Njia imekuwa uji.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mwanangu Byron amekuja kutoka Githurai 45 na mkate na viatu vya mpira vya mama yake. Ameniuliza habari za petisheni. Nimemjibu kuwa ardhilhali iko mahali pake.

Alhamisi, 24 Aprili

Ripoti imewasilishwa leo. Nitaiandika kama nilivyoisikia, kwa kuwa sijapata bado namna nyingine.

Mheshimiwa Wangeci alisimama, akasoma kurasa sita bila kusita. Akataja tarehe ya kujengwa, idadi ya vyumba, matangi ya maji. Kisha akasoma matokeo: "Kamati imethibitisha kwamba zahanati iliyotajwa ilizinduliwa rasmi mwaka juzi, mbele ya viongozi na wananchi, kama inavyoonekana katika picha iliyoambatanishwa. Kwa hiyo, Bwana Spika, ombi la waombaji limekwisha kutimizwa, na Kamati inapendekeza ardhilhali hii ifungwe."

Ikafungwa. Hapakuwa na aliyepinga. Mheshimiwa Kagwe alikuwa akitazama simu yake.

Nikaomba nakala ya ripoti kwa karani wa mlangoni. Picha ipo. Utepe mwekundu, Mheshimiwa Kagwe na mkasi, na nyuma yake watu wa kijiji wakipiga makofi. Katika mstari wa pili, mwenye kofia na soda mkononi, ni mimi.

Ni kweli nilikuwapo. Sikuwahi kuihesabu siku ile kuwa uzinduzi, kwa sababu hakuna kilichoanza. Utepe ulikatwa, tukanywa soda, mlango ukafungwa, ufunguo ukaondoka na gari. Lakini nilipofika nyumbani nilifungua kamusi, na kamusi haikunitetea. Kuzindua ni kutangaza mwanzo kwa sherehe. Sherehe ilifanyika. Niliomba kitu ambacho nilikwisha kukila na kukinywa.

Liko jambo baya zaidi. Kanuni za Kudumu za Bunge zinasema jambo lililokwisha kuamuliwa halirudi kabla ya miezi sita. Miezi sita ni Oktoba. Bajeti ya kaunti inafungwa mwisho wa Juni, na kisichokuwa mezani kabla ya hapo husubiri mwaka mwingine mzima.

Nekoye aliniuliza imekuwaje. Nilimwambia Kamati imekataa. Sikumwambia sababu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nekoye alikuwa amekosa zamu mbili, na dawa alizokuwa akizibania zilikwisha Jumamosi. Leo mvua ilipumzika, akasema twende Kalimoni kwa miguu hadi barabara ya lami, huko tutapata chombo. Tuliondoka saa mbili asubuhi. Alitembea akiwa mbele yangu na viatu vyake vya mpira, akilalamika kuhusu mwendo wangu.

Tulipofika mbele ya zahanati alisimama. Akasema, "Baba Byron, naona watu wawili wawili." Kisha akakaa barazani, palepale penye mbuzi wa Njau, akaegemeza kichwa kwenye mlango.

Sitaki kuandika nilichofanya, lakini nimeahidi daftari hili ukweli. Nilishika kufuli nikaitikisa. Niliitikisa kama mtu asiye na akili, huku nikijua hakuna mtu ndani wala hakuna kitu ndani. Nzisa, mama Mkamba anayeuza mboga njia panda, alinisikia akaja mbio.

"Wacha mlango, mzee! Mlango haukusikii. Njau! Lete mkokoteni!"

Njau alimwaga majani ya ng'ombe matopeni akauleta. Tulimlaza Nekoye juu ya gunia. Nzisa alimshikia mwavuli ijapokuwa hakukuwa na mvua, akimwambia, "Mama Byron, usilale. Nitukane kama unataka, lakini usilale." Nekoye akamwambia mboga zake ni ghali. Nzisa akasema, "Eeh, hivyo hivyo, endelea." Tulisukuma sote watatu hadi lami, Nzisa kwa mkono mmoja. Magurudumu yalizama mara nne.

Kalimoni wamemlaza. Daktari amesema tumemfikisha kwa wakati, na kwamba kuanzia sasa apimwe kila wiki, bila kukosa. Kila wiki.

Jumatano, 30 Aprili

Nekoye amerudi nyumbani, mwepesi wa mwili, mzito wa maneno kama kawaida yake. Nikamwambia sababu ya kweli ya ardhilhali kufungwa. Nilitarajia anicheke. Yeye akasema, "Pole, baba." Afadhali angenicheka.

Jumamosi, 3 Mei

Mheshimiwa Kagwe alifika kwangu mwenyewe, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi. Sijawahi kumwona bila viatu. Alimpa Nekoye pole na matunda, kisha akanigeukia.

"Mzee Kundu, niko na shida. Mheshimiwa Wangeci anatuacha. Amepata kazi ya kufundisha manasi kwa chuo cha uuguzi, huko Nyeri. Tarehe ishirini na mbili ni siku ya kumuaga, kila mtu atasema kitu. Na ni Alhamisi."

"Siku ya Kiswahili," nikasema.

"Si ndio hiyo shida! Mara ya mwisho nilisema 'kwa hivyo basically', Spika akanikalisha chini. Watu walicheka hadi Ruiru. Niandikie, mzee. Dakika tano tu. Ya heshima."

Nikamjibu kwamba siwezi kumwandikia sifa mtu aliyeifunga ardhilhali yangu kwa neno moja.

"Neno la nani?" Nekoye akauliza kutoka jikoni.

Nimekubali. Ila nilimweleza Mheshimiwa kwamba siandiki sifa zisizo na ushahidi. Nitasoma kwanza Taarifa Rasmi za Bunge nione huyo mama alisema nini katika miaka yake mitatu. Akasema, "Soma, soma. Mimi mwenyewe sijawahi."

Jumanne, 6 Mei

Saiba ya Becky, duka la kompyuta na uchapaji, Ruiru. Becky ni mama wa watoto watatu na huchapa barua zangu zote. Ana ulimi mwepesi na moyo mzuri. Huniita guka, ambalo ni neno la Kikuyu la babu.

"Guka, leo ni kushtaki nani?"

"Leo ni kusifu."

"Haiya! Umeokoka?"

Alinifungulia Taarifa Rasmi kwenye kompyuta na kunionyesha jinsi ya kutafuta jina. Nilisoma kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Becky alininunulia chai bila kuombwa.

Nimekuta haya. Katika miaka mitatu Mheshimiwa Wangeci amezungumza mara themanini na sita, na hakuna mara hata moja aliyotumia dakika zake zote. Wenzake wakiomba majengo, yeye aliuliza nani atafanya kazi ndani yake. Alipinga hoja ya kununua magari mawili ya wagonjwa, kwa kuwa yaliyopo hayakuwa na madereva. Alizomewa siku hiyo. Aliuliza kuhusu zahanati yetu ya Mukuyu-ini, kwa jina, mara tatu, na mara ya kwanza ilikuwa miezi kumi na minne kabla ya ardhilhali yangu. Mara zote Serikali ya Kaunti ilimjibu: "Zahanati hiyo ilizinduliwa."

Yaani neno langu lilikuwa neno lao. Yeye alikwisha kugonga kichwa kwenye ukuta ule mara tatu, kisha nikaja mimi na tai yangu nikamletea tofali jingine.

"Guka, uko sawa?" Becky akauliza. "Unaongea na skrini."

Jumamosi, 10 Mei

Kikao cha wananchi kuhusu bajeti, Thika. Nilikwenda kwa sababu nilijua Mheshimiwa Wangeci atakuwapo. Ukumbi ulijaa, kila mtu alitaka barabara. Wakati wa chai nikamfuata.

"Mheshimiwa, mimi ni Jeconia Kundu."

"Wa 'izinduliwe'," akasema. Aliweka kikombe chini. "Mzee, unajua neno lako lilininyima usingizi siku tatu? Nilitafuta njia ya kulisoma vingine. Nilimuuliza mwanasheria wetu, nikamuuliza hata kasisi."

"Ulijua nilichotaka."

"Nilijua. Nilijua hata kabla hujaandika. Lakini kamati hujibu ombi lililoandikwa. Nikijibu ambalo halikuandikwa, kesho mwingine atajibu analotaka yeye. Uliomba sherehe, mzee. Sherehe ilikuwa imefanywa."

Nikamwambia habari za mkokoteni. Sikukusudia. Alisikiliza kama wanavyosikiliza watu wa kazi yake, akiniuliza Nekoye alikuwa anaona vipi, ulimi ulikuwa mzito au la, dawa zipi. Mwishowe alisema ameshaingiza muuguzi mmoja katika makadirio ya bajeti, lakini jina la kituo chetu litafutwa endapo hakuna uamuzi wowote wa Bunge unaokitaja. "Na mimi naondoka tarehe ishirini na mbili," akasema. Kisha mtu akamvuta mkono.

Nilimsimulia Nekoye yote. Alikuwa akichuja maziwa.

"Kwa hiyo uliomba sherehe," akasema.

"Ndiyo."

"Na wamesema sherehe ilikuwapo."

"Ndiyo, Mama Byron."

"Na kufungua mlango, hujaomba bado?"

"Sijaomba."

"Si uombe."

Nikaingia chumbani nikachukua Kanuni za Kudumu. Zinasema: jambo lililokwisha kuamuliwa. Nimesoma kifungu hicho mara kumi. Bunge liliamua kuhusu kuzinduliwa. Kuhusu kufunguliwa halijaamua lolote, kwa sababu halijapata kuulizwa.

Jumatatu, 12 Mei

Ardhilhali ya pili. Becky ameichapa. Nilimwandikia aya ya mwisho kwa mkono: "Tunaomba mlango wa zahanati ya Mukuyu-ini ufunguliwe, muuguzi awekwe ndani, dawa ziletwe, na wagonjwa watibiwe humo."

Becky aliisoma mara mbili. "Guka, hii nimeelewa yote. Una uhakika ni yako?"

Ni ya Nekoye. Nimeliweka jina lake liwe la kwanza katika orodha ya sahihi. Njau na Nzisa wamezunguka kijiji siku mbili; sahihi sasa ni mia nne na tano.

Ijumaa, 16 Mei

Barua ya Karani wa Bunge: "Ardhilhali yako inahusu jambo lililokwisha kuamuliwa tarehe 24 Aprili. Haiwezi kupokelewa kabla ya miezi sita." Nimeandika rufaa kwa Spika, ukurasa mmoja. Nikaipeleka kwa mkono wangu, mvua ikininyeshea.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuna jibu. Nimemaliza hotuba ya Mheshimiwa Kagwe. Nimejizuia kutaja shida yangu. Hotuba ya kumuaga mtu si mahali pa kufulia nguo. Kila sifa niliyoiandika ina tarehe yake.

Jumatano, 21 Mei

Njau amempeleka Nekoye hadi lami kwa mkokoteni, akiwa amekaa wima kama bibi harusi. Kipimo si kizuri.

Alhamisi, 22 Mei

Nitajitahidi kutoruka kitu.

Viti vya wageni vilijaa. Wanafunzi wa uuguzi walikuwapo, na dada zake Mheshimiwa Wangeci wakiwa na kofia. Spika alitangaza utaratibu: kila mjumbe dakika tano, Kiswahili kitupu, na kwa desturi ya Bunge, hotuba ya kuaga haikatizwi kwa hoja ya nidhamu.

Wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Muriithi, mtu mkubwa mwenye sauti ya kanisani. "Bwana Spika, leo tuna majonzi. Dada yetu Wangeci ametutoka. Ametuacha wapweke. Tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi—"

Ukumbi ulianza kutikisika. Mheshimiwa Wangeci aliinua mkono. "Bwana Spika, bado nipo."

"Mheshimiwa Muriithi," Spika akasema, "anakwenda Nyeri."

"Naondoa, Bwana Spika. Mungu ampende akiwa hukohuko Nyeri."

Watu walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Wengine wanne walisema ya kawaida. Mmoja alimsifu kwa usafi wa mavazi.

Kisha akasimama Mheshimiwa Kagwe na karatasi yangu. Alisoma vizuri. Alisoma kwamba Mheshimiwa Wangeci alizungumza mara themanini na sita bila kumaliza muda wake hata mara moja, na wajumbe wakatazamana. Alisoma habari za magari ya wagonjwa, na waliomzomea siku ile wakainamisha macho. Akafika kwenye sentensi hii: "Mheshimiwa Wangeci hakuwahi kusifu jengo kabla ya kuuliza nani atafanya kazi ndani yake."

Hapo aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Nilidhani amepoteza mstari. Nikahisi mdomo wangu mwenyewe ukimsomea. Akaweka karatasi chini.

"Bwana Spika, hii hotuba imeandikwa na mtu anajua. Lakini hapa siwezi soma nipite, kwa sababu mimi nilisifu. Mukuyu-ini, ile siku ya utepe, mimi ndio nilikata. Tukapigwa picha. Hiyo picha iko kwa ofisi yangu, kwa ukuta. Tukafunga mlango, tukaenda kula nyama. Huyu mama akauliza hapa mara tatu, na mimi mwakilishi wa hiyo wadi nilikuwa nimeketi hapo, sikuinuka. Mwezi uliopita mama wa wadi yangu amebebwa na mkokoteni, amepitishwa mbele ya huo mlango. Sasa Bwana Spika, nitamwambiaje kwaheri, na hiyo sijasema?"

Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika kila mahali. Sikuona neno hata moja la kusahihisha.

Hakuna aliyeinuka, kwa kuwa hotuba ya kuaga haikatizwi. Alikaa chini bila kumaliza karatasi yangu. Nilimfahamu mtu huyu kwa miaka minane kama mtu wa kutazama simu. Naandika hapa kwamba sikuwa nimemfahamu.

Mwisho akasimama Mheshimiwa Wangeci. Alizungumza kwa sauti ileile ya kusomea ripoti, na safari hii niliielewa: ni sauti ya mtu anayejizuia.

"Bwana Spika, nilipokuwa wodini, mgonjwa akiniambia kifua kinambana, sikumuuliza kama kubana ndilo neno. Nilipokuja hapa nilijifunza kuuliza. Ni lazima, bila maneno sahihi Bunge haliwezi kufanya kazi. Lakini ripoti ya tarehe ishirini na nne Aprili ina sahihi yangu, na naondoka nayo moyoni. Nimesikia waombaji wameleta ombi jingine na limerudishwa. Sikulileta mimi, na sina haki ya kulisemea; kesho si mjumbe tena. Naomba tu Spika aamue kabla sijatoka kwenye mlango huu: je, kuzindua na kufungua ni jambo moja?"

Spika akafungua faili iliyokuwa mbele yake, nami nikaona kona ya rufaa yangu, ingali na doa la mvua.

"Karani, lete kamusi."

Kamusi ikaletwa. Karani akasoma: "Zindua. Moja: ondolea mtu uchawi. Mbili: amsha aliyezimia. Tatu: anzisha jambo rasmi kwa sherehe."

"Bwana Spika!" Mheshimiwa Muriithi akasema. "Hiyo ya kwanza ndiyo yetu! Hiyo zahanati ilirogwa!"

"Keti, Mheshimiwa. Endelea, Karani."

"Fungua. Moja: ondoa kizuizi ili mtu aweze kuingia." Karani akafunga kitabu mwenyewe.

"Spika ameridhika," Spika mwenyewe akasema, "kwamba Bunge liliamua kuhusu maana ya tatu ya neno la kwanza, na halijaamua chochote kuhusu neno la pili. Ardhilhali inapokelewa. Kamati ya Afya ilete ripoti kabla bajeti haijafungwa, na naagiza isiyategemee majibu yaliyotolewa kuhusu neno jingine."

Walipiga meza. Sijui kama ilikuwa kwa ajili ya ardhilhali au kwa ajili ya kumuaga Mheshimiwa Wangeci. Nadhani wao pia hawakujua.

Nje, katikati ya kofia za dada zake, alinipa mkono. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya shukrani yenye vishazi vitatu. Nikasema, "Asante, sista." Akasema, "Mwambie mama apunguze chumvi."

Ijumaa, 23 Mei

Nekoye anasema chumvi yake haimhusu mtu wa Nyeri.

Alhamisi, 12 Juni

Ripoti ya Kamati imepitishwa bila kupingwa. Mukuyu-ini imo katika bajeti kwa jina. Mheshimiwa Kagwe alinipigia simu akiwa bado ndani, nikamwambia azime.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua imekata. Maharagwe ya Nekoye yamekauka vizuri.

Jumamosi, 21 Juni

Mheshimiwa Kagwe alikuja na fundi. Kufuli ilikuwa imeshika kutu, ufunguo haukuijua. Fundi akaikata kwa msumeno. Njau alihamisha mbuzi wake bila kuambiwa. Nzisa na akina mama wengine wakasugua sakafu. Hapakuwa na utepe. Mheshimiwa alishika ndoo.

Bajeti mpya haijaanza, kwa hiyo kwa sasa tutaazimwa muuguzi kutoka kituo kingine, Jumanne na Ijumaa. Si kila siku. Nimeliandika hilo lilivyo.

Jumanne, 24 Juni

Muuguzi anaitwa Mourine. Alifika saa mbili kasorobo, akiwa na mashine ya kupimia na sanduku la dawa. Watu ishirini na sita walikuwa wamepanga foleni. Nekoye alikuwa wa tatu. Tulitumia dakika sita kutoka nyumbani.

Niliingia naye nikasimama kando, kofia mkononi. Mourine alimfunga kitambaa mkononi, kikajaa hewa, kikashuka.

"Mia moja thelathini na nane kwa themanini na sita. Si mbaya, mama. Tunaiteremsha polepole." Akanitazama. "Na wewe, mzee? Umekuja kupimwa?"

"Hapana. Mimi nimekuja kama shahidi."

"Mpime, sista," Nekoye akasema. "Huyo hajawahi kupimwa tangu azaliwe. Siku zote anasema mgonjwa ni mimi."

Nilieleza kwamba nina afya njema na kwamba foleni ni ndefu. Mourine alikwisha kunikunja mkono wa shati. Kitambaa kikanibana. Akatazama namba, akakilegeza, akanipima tena mkono wa pili.

"Mia moja sitini na nane kwa mia moja na mbili," akasema. "Mzee, keti hapo."

Nekoye alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akaja akaketi kwenye benchi karibu nami, akaushika mkono wangu uliopimwa, mbele ya watu wote, jambo ambalo hatujazoea.

Nimepewa vidonge vya wiki mbili. Ijumaa tunarudi wote wawili.